Jinsi ya Kuchonga Ushanga wa Skarabu kwa Jiwe la Sabuni Bila Kuupasua: Mwongozo Kamili

Picha mnazonitumia za shanga zenu za skarabu zilizopasuka zinafanana. Mgongo wa mdudu umetoka vizuri, miguu inaonekana, mstari wa mbawa umenyooka, halafu kuna ufa mmoja unaotoka kwenye tundu la uzi na kushuka hadi ubavuni. Mwanafunzi mmoja aliniletea wake ndani ya kisanduku cha kiberiti, umegawanyika vipande viwili kama njugu. Nilipoviunganisha niliona tundu limeanza katikati ya kichwa bila tatizo, likapinda kidogo kidogo, likaenda kutokea karibu na mguu wa nyuma, mahali ambapo jiwe lilibaki jembamba kama ukucha. Kuchonga kulimchukua siku tatu. Kutoboa kulimchukua dakika kumi, na hizo kumi ndizo zilizomla siku zake tatu.

Mkono wake hauna shida. Shida ni mpangilio wa kazi. Wengi mnachonga kwanza na kutoboa mwisho. Hapa tunatoboa kwanza, jiwe likiwa bado kama tofali dogo lenye pande zilizonyooka, kisha tunamchonga mdudu kulizunguka tundu. Ukifuata hilo moja tu, hata kama miguu ya mdudu wako itatoka vibaya, utakuwa na ushanga mzima mkononi.

Skarabu ni hirizi ya Misri ya kale yenye umbo la mbawakawa, yule anayeviringisha mavi ya wanyama. Mgongo wake ni wa mdudu, tumbo ni bapa na lina maandishi, na tundu linapita kwa urefu kutoka kichwani hadi mkiani. Nyingi za kale zina urefu wa sentimita 1 hadi 2. Sisi tutatengeneza wa milimita 25 kwa urefu, 18 kwa upana na 12 kwa kimo, ili macho na vidole vipate nafasi. Ukimaliza shanga tatu za ukubwa huo, shuka hadi urefu wa milimita 18.

## Vitu vya kuandaa

Jiwe. Wamisri walitumia zaidi steatiti, jiwe laini la jamii ya talki. Kwetu Afrika Mashariki lililo rahisi kupata ni jiwe la sabuni la Kisii, linalochimbwa Tabaka nchini Kenya. Huhitaji bonge zima. Vipande vinavyobaki kwa wachonga vinyago vinatosha, na mara nyingi utapewa kwa bei ndogo. Chagua kipande chenye rangi moja, cheupe au cha krimu. Penye mstari wa rangi nyingine, ugumu nao huwa tofauti, na biti ya kekee (ncha ya chombo cha kutobolea) hupenda kukimbilia upande ulio laini.

Vyombo vya kukatia na kuchongea:
- msumeno wa kukatia chuma
- tupa bapa yenye meno madogo, na tupa nyembamba ya duara
- kisu kidogo chenye ncha kali
- shazia au sindano yoyote nene, iliyochomekwa kwenye kipande cha mti ili ishikike

Vya kutobolea:
- kekee ya kuzungusha kwa mkono
- biti tatu: ya milimita 1, ya milimita 2 na ya milimita 4
- jiliwa (chombo cha kubania kazi), na vipande viwili vya ndara iliyochakaa vya kuweka katikati ya meno yake na jiwe

Vya kupimia: rula ya milimita, guniya ndogo (kipimo cha pembe mraba), na penseli iliyochongwa ikachongeka.

Vya kumalizia: msasa wa maji namba 240, 400, 600 na 1000, kipande cha kioo kinene, nta ya nyuki, kitambaa cha pamba, uzi wa pamba au kitani, na bonge la udongo wa mfinyanzi la kujaribia muhuri.

Usitumie drili ya umeme kwa ushanga wa kwanza. Inakwenda kasi kuliko mkono wako unavyoweza kuhisi, na kazi hii inategemea kuhisi.

## Kabla ya chochote: vumbi

Baadhi ya mawe ya jamii ya talki huwa na nyuzi za asbesto ndani yake, na kwa macho huwezi kujua. Vumbi lolote la jiwe likiingia kwenye mapafu kila siku lina madhara. Kwa hiyo fanya kazi hii mbichi: jiwe liwe limelowa, beseni la maji liwe pembeni, na vaa barakoa inayobana puani na mdomoni pamoja na miwani.

Kuna tabia moja ambayo karibu sote tunayo, nayo ni kupuliza vumbi kwa mdomo ili tuone mstari. Iache kabisa. Chovya jiwe majini, litikise, utaona mstari vizuri zaidi. Ukimaliza, futa meza kwa kitambaa chenye maji, usifagie. Na usifanyie kazi jikoni wala chumba wanachochezea watoto.

## Hatua ya 1: Kagua jiwe kama lina nyufa

Tumbukiza kipande ndani ya maji kwa dakika tano. Kitoe, kifute, kiweke kivulini ukitazame kikikauka. Uso wa jiwe utakauka mapema, lakini ufa unashika maji. Utauona kama uzi mweusi uliobaki wakati kwingine kote kumeshapauka.

Ukiuona uzi huo, kata kipande mbali nao au tafuta jiwe lingine. Usijidanganye kwamba ni mdogo. Tundu litakapoukaribia utafunguka.

Umefaulu ikiwa: jiwe limekauka lote kwa pamoja, bila mstari wowote uliochelewa.

## Hatua ya 2: Kata tofali na kunyoosha tumbo

Kata kipande cha milimita 28 kwa 20 kwa 13. Angalia kwamba ni kikubwa kuliko ushanga tunaotaka. Hizo milimita 3 za ziada kwenye urefu zina kazi: mdomo wa tundu hubanduka kidogo biti inapoanza kuingia, na sehemu hiyo iliyobanduka tutaiondoa baadaye kwa tupa.

Sasa chagua upande utakaokuwa tumbo. Weka msasa namba 240 juu ya kioo, mwagia maji, na usugue upande huo kwa mizunguko midogo hadi uwe bapa kabisa. Mezani hutafaulu, kwa sababu meza nyingi zina mabonde usiyoyaona.

Tunaanza na tumbo kwa sababu vipimo vyote vinavyofuata vinapimwa kutoka hapo. Tumbo likipinda, tundu nalo litapinda.

Umefaulu ikiwa: ukiliweka jiwe juu ya kioo na kuligusa pembe zote nne, haliyumbi.

## Hatua ya 3: Chora njia ya tundu

Pima milimita 5 kutoka kwenye tumbo kwenda juu. Chora mstari huo kuzunguka pande zote nne zilizosimama. Kisha kwenye nyuso mbili za mwisho, yaani upande wa kichwa na upande wa mkia, chora mstari wa katikati ya upana, milimita 10 kutoka kila ubavu. Endeleza mstari huo wa katikati juu ya mgongo kwa kutumia guniya, ili uone kama nukta za pande mbili kweli zinatazamana.

Kwa nini 5? Tundu lina upana wa milimita 2, kwa hiyo ukingo wake wa chini utakuwa milimita 4 kutoka tumboni. Maandishi yatakula milimita 1. Zinabaki 3 za jiwe zima, na hizo zinatosha kubeba ushanga. Ukitoboa chini zaidi, kisu kitavunja sakafu ya tundu wakati wa kuandika. Ukitoboa juu zaidi, kichwa kitakosa paa, kwa sababu mdudu huyu ni mfupi mbele na nyuma.

## Hatua ya 4: Toboa kutoka pande mbili

Hapa usikimbie. Tenga saa nzima, na usianze ukiwa umechoka.

Fundi wa pwani wa zamani alitumia kekee ya uta: kijembe (ncha ya kutobolea) kimekazwa kwenye msukano (kijiti kinachozunguka), msukano unazunguka ndani ya jivu (mpini wa juu) linaloshikwa kwa kiganja, na uta unavutwa kwenda na kurudi. Kwenye kaburi la Rekhmire, waziri wa Misri ya kale, upande wa magharibi wa Luxor, kuna mchoro wa mafundi wa shanga wakitoboa kwa uta vilevile. Kama unayo kekee hiyo na unajua kuitumia, itumie. Ya mkono ya dukani nayo inafaa.

Fuata hivi:

1. Bana jiwe kwenye jiliwa, ndara pande zote mbili. Kaza hadi lisiteleze, usizidishe hata robo mzunguko. Jiwe hili halipigi kelele kabla ya kuvunjika.

2. Weka ncha ya shazia kwenye makutano ya mistari, izungushe kwa vidole hadi ichimbe kishimo. Bila kishimo hicho biti itateleza na kujitafutia njia yake.

3. Anza na biti ya milimita 1. Zungusha polepole, tone la maji likiwa kwenye tundu. Kila unapoingia milimita 2, itoe biti, ifute, chovya jiwe majini. Unga wa jiwe ukijaa ndani hauna pa kwenda, unakandamizwa na kusukuma kuta. Nyufa nyingi ninazoziona kwenye picha zenu zilianzia hapo, wala si kwa sababu mlisukuma kwa nguvu.

4. Kila unapotoa biti, iangalie kutoka pande mbili: kutoka juu na kutoka ubavuni. Iwe sambamba na mistari ya penseli. Ikianza kuegemea ukiwa bado ndani ya milimita 5 za kwanza, unaweza kuirekebisha. Ikishapita hapo, geuza jiwe uanze upande wa pili, njia ya upande huo iliyonyooka itasaidia.

5. Ingia milimita 14, yaani nusu ya urefu. Funga kipande cha uzi au utepe kwenye biti kwenye alama ya 14 ili usipitilize. Kisha geuza jiwe na uanze upande wa pili.

6. Mwisho unapokaribia, sauti hubadilika. Mkwaruzo mzito unakuwa mwepesi, na kekee inazunguka kama imeachiwa. Punguza mkono hapohapo. Biti ikipenya ghafla katikati ya jiwe, inanyakua ukuta.

7. Tundu likishakutana, lipanue kwa biti ya milimita 2, tena kutoka pande mbili.

Matundu mawili yasipokutana sawasawa, kukiwa na kingazi kidogo katikati, usiogope. Pitisha shazia mle ndani ukizungusha, ukwangue kingazi hicho. Shanga nyingi za kale zilizotobolewa kwa pande mbili zina tundu pana mdomoni na jembamba katikati, na uzi ulipita.

Umefaulu ikiwa: ukilielekeza jiwe dirishani unaona mwanga upande wa pili, na waya mwembamba ulionyooka unapita bila kukwama.

Likipasuka hapa: umepoteza saa moja tu. Kata kipande kingine.

## Hatua ya 5: Umbo la yai

Chora duara dufu kwenye tumbo, milimita 25 kwa 18. Hakikisha tundu liko katikati yake. Kama tundu lilihama milimita moja, hamisha mchoro ulifuate tundu, hiyo ndiyo faida ya kutoboa mapema.

Punguza pembe kwa tupa, jiwe likiwa limelowa. Ondoa pia zile milimita za ziada mbele na nyuma. Kisha duarisha mgongo: katikati ubaki na kimo cha milimita 12, ukishuka kuelekea mbele na nyuma. Usishushe kichwa wala mkia chini ya milimita 8. Paa la tundu liko kwenye milimita 6, na jiwe la milimita 2 juu yake ndilo linalozuia uzi kulipasua.

Acha utepe wa milimita 6 kwenda juu kutoka tumboni, pande zote za mbavu, bila kuuduarisha. Huo ni wa miguu.

Umefaulu ikiwa: ukilishika jiwe na kufumba macho, kidole gumba hakihisi pembe popote mgongoni.

## Hatua ya 6: Kichwa, kifua, mbawa

Gawanya urefu hivi: kichwa milimita 5, kifua 6, mbawa 14. Chora mistari miwili inayokata mgongo kwa upana, halafu mmoja unaogawa mbawa katikati hadi mkiani.

Usichonge mstari kwa mkato mmoja wa wima. Pitisha kisu kikiwa kimelala upande mmoja, kisha rudia kutoka upande wa pili, mikato ikutane chini kama herufi V. Mkato wa wima unaacha kuta kali zinazobanduka, na mwanga hauingii ndani kwa hiyo mstari hauonekani ukiwa mbali.

Kichwani, chonga ukingo wa mbele uwe na meno madogo. Mdudu mwenyewe anayo: hutumia ngao hiyo ya kichwa kuchimbia. Fundi mvivu huacha kichwa kiwe kiduara kitupu, na hapo ushanga unakuwa wa mdudu yeyote tu.

Kwenye mbawa ninashauri mstari mmoja wa katikati na uishie hapo. Nimeona watu wakijaza vijistari mgongo mzima wakidhani ndiyo ustadi. Skarabu nyingi nzuri za kale zina mgongo mtupu ulionyooka, uzuri wake uko kwenye mviringo.

## Hatua ya 7: Miguu

Kwenye ule utepe wa mbavu, chora mstari milimita 2 juu ya tumbo. Chini yake ni sahani anayokalia mdudu; usiiguse. Juu yake chora miguu mitatu kila upande: wa mbele unaelekea kichwani, wa kati na wa nyuma inaelekea mkiani.

Usitoe mguu kwenye jiwe. Punguza jiwe lililo kati ya miguu, milimita 1 au 1.5 kwenda ndani, ili mguu ubaki umeinuka huku ukishikana na mwili. Tumia kona ya tupa nyembamba, umalizie kwa kisu. Piga vijistari vitatu vinne kwenye mguu wa mbele kuonyesha manyoya yake.

Tahadhari: usibane jiwe kwenye jiliwa tena. Lishike kwa mkono juu ya kitambaa kilicholowa, na kisu kielekee mbali na kidole gumba.

## Hatua ya 8: Maandishi ya tumbo

Tatizo la pili kwa wingi ni hili: mnaandika vizuri, mkikandamiza kwenye udongo maandishi yanatoka kinyume. Skarabu ilikuwa muhuri pamoja na kuwa hirizi, kwa hiyo kinachotakiwa kusomeka ni alama inayobaki kwenye udongo.

Kwa kuanzia nakushauri jina lisilo na kulia wala kushoto. Jina la enzi la mfalme Thutmose III, aliyetawala kuanzia 1479 hadi 1425 KK, ni Menkheperre, nalo linaandikwa kwa alama tatu: duara la jua juu, katikati ubao mrefu wenye meno upande wa juu, na mbawakawa chini. Zote tatu zinakaribia kulingana kulia na kushoto, kwa hiyo kugeuka kwa alama kwenye udongo hakukusumbui. Wala hutakuwa wa kwanza. Jina hilo liliendelea kuchongwa kwenye skarabu karne nyingi baada ya mfalme huyo kufa.

Zungushia kwanza mstari wa ukingo, milimita 1 kutoka pembeni. Kisha chonga alama kwa mkato wa V, kina kisichozidi milimita 1. Anza na ile ya katikati, ili nafasi ya juu na ya chini ibaki sawa.

Jaribu kabla hujaridhika. Kanda udongo uwe kama unga wa chapati, pakaza mafuta kidogo kwenye tumbo la ushanga, kandamiza, inua moja kwa moja juu. Palipo hafifu, ongeza kina kidogo, ujaribu tena.

Umefaulu ikiwa: meno ya ubao yanahesabika kwenye udongo.

## Hatua ya 9: Kung'arisha

Sugua kwa msasa namba 240, 400, 600, kisha 1000, yote ndani ya maji. Usiruke namba. Mkwaruzo wa 240 hautoki kwa 1000, unang'aa tu pamoja na jiwe. Kwenye mistari, kunja msasa uwe na ncha na uupitishe mara mbili tatu tu, usije ukafuta kingo ulizozichonga.

Mdomo wa tundu uzungushie biti ya milimita 4 kwa vidole, kidogo sana, ili ukingo mkali uvunjike. Uzi hukatwa na ukingo huo.

Acha ushanga ukauke siku moja. Uweke juani upate joto, paka nta ya nyuki, futa kwa kitambaa cha pamba. Ukitaka maandishi yaonekane kwa rangi, fuata mbinu ya Tabaka: paka rangi kwanza, kisha chonga, michoro itatoka myeupe juu ya rangi. Katika hali hiyo msasa na rangi ya tumbo vinakuja kabla ya hatua ya 8.

## Je, niuchome?

Mnaniuliza sana, kwa sababu skarabu za kale zina ngozi ya bluu au kijani inayong'aa. Wamisri walipaka steatiti mchanganyiko wenye shaba, kisha wakaichoma. Moto huo uliyeyusha mchanganyiko ukawa kama kioo, na jiwe lenyewe likawa gumu kuliko lilivyochongwa.

Usijaribu kwenye jiko la mkaa. Joto lake halipandi kwa utaratibu, na maji yaliyojificha ndani ya jiwe yanaweza kulipasua vipande vya kuruka usoni. Tena mawe mengi yanayoitwa ya sabuni hayana madini yaleyale, kwa hiyo linalofaa kuchongwa si lazima livumilie moto. Kama una rafiki mfinyanzi mwenye tanuri ya kupima joto, mpelekee kwanza kibanzi cha jiwe hilohilo. Kibanzi kikitoka kizima, ndipo mfikirie ushanga.

## Uzi, na jambo moja la haki

Chonga mwaka uliotengeneza, kwa tarakimu ndogo, ubavuni kwenye ile sahani. Usiuzike ushanga ardhini wala kuupaka chai ili uonekane wa kale. Wizi na biashara ya magendo ya vitu vya kale vimeisumbua sana Misri, na sheria yake namba 117 ya mwaka 1983 inakataza biashara hiyo. Kazi yako iuze kwa jina lako.

Chovya ncha ya uzi kwenye nta, ikaze kwa vidole hadi iwe kama sindano, uipitishe. Piga fundo moja karibu na kichwa na lingine karibu na mkia, ukiacha nafasi ya punje ya mtama kila upande, ili ushanga uweze kugeuka na kuonyesha tumbo. Uvae siku mbili, kisha kagua uzi pale unapoingia tunduni. Ukiona manyoya, rudia kuzungusha ile biti ya milimita 4.